Tangawizi ya Babu Mlima

Mpendwa dada Sulastri,

Pokea salamu zangu kutoka huku kambini. Natumai u mzima, na kwamba bibi unayemtunza huko Hong Kong hakusumbui sana. Mwanao Wening anakula vizuri, na vidonda vya miguu vimeanza kukauka.

Dada, unajua kwetu hatusemi mlima unalipuka. Ni utovu wa adabu. Tunasema Babu Mlima ana shughuli zake. Basi moshi ulipoanza, niliwaambia watoto wangu wa chekechea, Wening akiwemo, kwamba Babu anakohoa, na akizidiwa tutampisha apumzike. Wakatulia. Mwalimu mkuu akasema eti Ning una kipaji, hata yeye haogopi tena. Nikavimba kichwa.

Siku ya kuhama, lori lilipojaa, Wening hakuwemo.

Wewe uliambiwa baba alifia mlimani aliporudi kumfungua ng'ombe. Kambi nzima inasema hivyo. Jana kwenye foleni ya chakula mama mmoja alisema mzee Wiryo kaponzwa na ng'ombe wake, wazee hawa vichwa maji kabisa, nami nikachukua sahani yangu nikaondoka. Ni uongo, dada, na niliuanzisha mimi.

Wening alikuwa amepanda mlimani na chupa ya tangawizi ya moto, na sarafu ya kumkwangulia Babu Mlima mgongo, kama tulivyokuwa tukimfanyia baba akibanwa na kifua. Baba ndiye aliyemfuata. Tukijan, yule mkusanya maziwa, aliwaona ng'ambo ya korongo, majivu ya moto yakiwashukia. Daraja la mianzi lilikuwa limeungua nusu. Lingembeba mtoto, si mzee. Baba akamwacha Wening avuke peke yake, kisha akapiga kelele, "We Tukijan, unanitolea macho ya nini? Washa pikipiki, ondoka!"

Maneno yangu ndiyo yaliyomuua baba, nami nimeacha watu wamcheke.

Wening anaamini babu yake amebaki kumuuguza Babu Mlima kwa kuwa yeye alishindwa kufika. Leo darasani, chini ya turubai, ameuliza Babu akipona, babu yake atashuka siku gani. Watoto wote wakanigeukia, wametulia, wakisubiri mwalimu awaeleze.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Wening anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Ning