Makamasi imekauka mu poche

Kaswera, unajua kile kipande ya matumbo balinikata, mikojo ipitie pale? Makamasi yake ilikauka mu poche, ule mufuko wa ku tumbo unapokeaka mikojo. Nikawaza kimeoza, nikakimbia kwa docteur.

«Hapana, mama. Kilikuwa kinatoa makamasi juu kilikuwa kinangojea chakula. Sasa kimezoea mikojo. Kimeacha kungojea.»

Kimeacha kungojea. Alisema vile, na kucheka.

Mimi nikasema merci. Nikarudi nyumba, nikapika bugali.

Unajua tangu bwana yangu Onésime alienda shamba kule Oicha, vita ikamukutia kule, hakurudi. Kila mangaribi ninawekaka sahani yake.

Nimetoka kula sasa hivi. Nimenawa mikono, ndio naona meza.

Kaswera, niliweka sahani moja, yangu tu.

Hata machozi, hapana.