Runinga Aliyoichagua Baba

Jumapili, tarehe 14 Desemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Sisi huku hatujambo, angalau kimwili. Mama anakusalimu sana na anasema unywe vitu vya moto na usilale madirisha wazi; nimeandika kama alivyoagiza. Kabla sijaenda mbali, naapa nitakueleza yote, tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale kalamu itakapotaka kusimama. Nawe nakuomba uyasome yote ukiwa umekaa, tena peke yako.

Habari ya kwanza ni njema. Shule imempa Baba zawadi kwa kutimiza miaka ishirini ya kuendesha basi la wanafunzi bila ajali. Siku ya kufunga shule Mwalimu Mkuu alimwita mbele ya wazazi, akasema dereva wetu hajawahi kukwaruza hata baiskeli ya mtu, na kwamba shule itamnunulia runinga mpya, aende dukani akachague mwenyewe. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mama alifuta machozi akasingizia vumbi, na ukumbi ulikuwa umepigwa deki asubuhi ile ile.

Nyumbani nikapewa kazi ya kuchunguza runinga ipi inafaa, kwa kuwa Mama alisema Baba akiachiwa peke yake atauziwa boksi tupu na atashukuru. Unanijua, niliifanya kama mtihani. Mwalimu wetu wa fizikia alinieleza kwamba mtu asianze na ukubwa, aanze na chumba. Nikachukua utepe wa kushonea wa Mama, nikapima kutoka kochi mpaka ukutani. Alinieleza pia kwamba runinga za dukani huwekewa mwanga mkali kupita kiasi ili zivutie, kwa hiyo nimwombe muuzaji aupunguze, kisha niitazame picha kwa pembeni nione kama inafifia. Nisikilize na sauti, nitazame matundu ya kuchomekea waya, niulize dhamana ni ya muda gani na fundi wao anapatikana wapi. Kwa sebule yetu, inchi arobaini na tatu zilitosha na kubaki. Kilichozidi hapo kingekuwa ni kuringia majirani.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akanisifu kwamba nina kichwa, kisha akasema anataka inchi sitini na tano.

Mama aliangua kicheko. Aliuliza kama hiyo runinga itaingia ndani au sisi ndio tutahamia ndani yake. Akasema basi kabati la vyombo tuliweke barabarani, na wageni wakija tuwakaribishe bafuni, maana ndiko kutakakobaki nafasi. Baba, ambaye siku zote humjibu Mama neno kwa neno mpaka wote wawili wakose pumzi, safari hii hakurudisha utani. Alisema tu kwa upole kwamba mama watoto amwachie hiki kimoja.  Baadaye jikoni Mama akaniambia kuwa wanaume wakianza kuzeeka huzuka na jambo lao, na afadhali runinga kuliko mke wa pili.

Dukani tulikwenda wawili, mimi na Baba. Ukuta mzima ulikuwa na runinga zimewashwa, zote zikionyesha picha moja: samaki wa rangi wakiogelea taratibu kati ya mawe. Nyuma yetu, juu ya kaunta, redio ilikuwa inatangaza mpira. Muuzaji, bwana mmoja mnene mwenye maneno mengi, alikuwa akimwita Baba mkurugenzi. Nilimsimamisha Baba mbele ya ile niliyoichagua mimi, nikachungulia nyuma ya runinga kutazama matundu. Ndipo nikamsikia akisema kwa sauti kwamba picha ni safi kweli, jezi zinang'aa, na akauliza ni timu gani hizo zinazocheza.

Muuzaji alicheka mpaka akaegemea kaunta. Alimwambia mkurugenzi ana utani mtamu, na kwamba mpaka sasa samaki wa bluu na wa manjano bado wako sare. Baba naye akacheka. Lakini mimi, dada, niliuona uso wake kabla hajacheka. Alikuwa amegeuza kichwa kuelekea redio, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa nyuma na hajui aliyemwita.

Kisha akaufuata ule ukuta polepole, mkono ukipapasa kingo za runinga moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye kubwa kuliko zote. Aliisogelea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akasema ni hii. Sikuuliza habari ya mwanga wala ya dhamana. Maswali yote niliyofundishwa yaliniponyoka.

Fundi alikuja kuifunga, nayo imeziba nusu ya dirisha la sebuleni, hivi kwamba mchana tunawasha taa. Baba amehamisha kigoda mpaka mbele yake kabisa. Mama amekuwa akimtania kwamba akisogea tena hatua moja, mabeki watampiga kiatu. Mimi nilikuwa nikicheka pamoja naye, huku nikimtazama Baba.

Jana Mama alikwenda kwenye kikao cha kina mama. Mechi ilikuwa inaendelea. Baba aliniita, akaniambia nimwonyeshe mpira uko wapi. Nikamwonyesha. Akaniambia kwamba yeye anauona uwanja pembeni, anaona watu wanavyokimbia kandokando, lakini kila anapoelekeza macho, papo hapo pana doa, kama kioo kilichopakwa kidole cha mafuta. Lilianza muhula uliopita, likawa linakua. Alijiambia labda ni vitu tu vimekuwa vidogo, na kwamba akipata picha kubwa ya kutosha, doa litashindwa kuifunika. Hiyo ndiyo sababu ya inchi sitini na tano, dada. Hakuwa na haja ya runinga. Alitaka kujipima mwenyewe pasipo daktari, na sasa amekwisha kujipima.

Hapo mambo mengi yakanijia kwa pamoja. Nikakumbuka anavyonipa simu yake nimsomee ujumbe, akisema mikono ina grisi, hata akiwa ametoka kuoga. Nikakumbuka asubuhi ile basi lilipompita mtoto wa chekechea aliyekuwa amesimama kituoni, mama yake akikimbia nyuma huku akipunga kanga, na sisi sote ndani tukacheka kwamba dereva leo kaamka na usingizi.

Nilimsihi aende hospitali. Akasema daktari akimpima ataandika, na akiandika leseni imekwenda, na wewe umebakiza mwaka mmoja tu chuoni. Alisema ile njia anaijua kama mkono unavyojua mdomo gizani. Kisha akaniomba jambo. Shule zikifunguliwa, atamwambia matroni wa basi ahamie nyuma akawatulize wadogo, na mimi niketi kiti cha mbele, karibu naye, nimpigie soga. Soga yenyewe, dada, ni kumwambia taa imewaka rangi gani, na nani anavuka. Akasema tusimtie Mama hofu. Niliitikia kwa kichwa. Akabaki ananisubiri. Ndipo nikaelewa, nikatamka kwa sauti kwamba sawa, Baba.

Wewe hakukutaja. Labda alisahau, au labda moyoni alitumaini nitakuandikia. Nashikilia hilo la pili. Ningeweza kusubiri ujumbe wako kwenye simu yake, maana mimi ndiye ninayeisoma, lakini siwezi kumsomea uongo mtu aliyeazima macho yangu. Nijibu kwa barua, kupitia sanduku la shule, karani ataniwekea.

Wasalimie wote unaoishi nao bwenini. Mama anauliza kama sweta imekutosha. Baba anakusalimu pia. Yuko sebuleni kwenye kigoda chake, na alipojua ninakuandikia ameniambia nikueleze kwamba picha ya runinga ni safi sana.

Shule zinafunguliwa Jumatatu ya pili ya Januari. Nisipopanda, ataendesha hivyo hivyo peke yake. Nikipanda, basi zima litamwamini kwa sababu yangu. Nikikalie kile kiti, dada, au nisikikalie?

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Chiriku