Ndama Jike wa Kwanza

Kang'ata, Handeni
Jumapili mchana

Kwa dada yangu mpendwa Tatu,

Shikamoo dada. Natumaini umeamka salama, na mguu uliokuwa unakusumbua umepata nafuu. Huku sisi wazima na mahindi yamebeba. Usishangae kupata barua zama hizi za simu. Nimekupigia mara tatu kwa simu ya kuazima, na kila ukisema haloo nakata. Huyo mtu anayekukera na kimya chake ni mimi.

Tangu uniambie Alhamisi kwamba Jumanne, yaani keshokutwa, wazee wa kitongoji wanakaa kumjadili jirani yako Getruda, sina raha. Ulisema miaka mitatu sasa mtamba wako, yule niliyekupa akiwa ndama, hajaingia joto hata siku moja, mhamilishaji wa kupandikiza mbegu kaja karudi na vifaa vyake, na sababu ni yale majani ya mabingobingo ambayo Getruda alikuwa akikukatia bure. Ulisema ana jicho baya, na watu wameapa lazima ahame Mazinde yeye na wanawe. Nami nikaitikia tu, "Aa, kumbe." Mungu anisamehe.

Basi Ijumaa nilikwenda kwa Catherine, daktari wetu wa mifugo, nikitumaini labda dawa ipo. Yeye akaniuliza swali moja tu: ndama yule alizaliwa peke yake, au alikuwa na pacha dume? Nikamwambia alikuwa na pacha dume. Akaweka kalamu chini.

Alinieleza polepole, maana mimi shule niliiacha mapema. Alisema tumboni mwa ng'ombe, mapacha mara nyingi hushirikiana damu. Dume huwahi kuumbika korodani, nazo humwaga kwenye damu kichocheo cha kuuamuru mwili wake usiote kizazi. Chembe za mwili zina vipokezi, mfano wa kitasa na ufunguo wake, na amri isiyoingia hapo haifanyi kitu. Sasa kumbe jike naye ana vipokezi vilevile! Amri ya kaka yake inavuka na damu, chembe zake zinaipokea, na kizazi kinasinyaa kabla hakijakomaa. Majike kumi wa namna hiyo, tisa au zaidi hawazai. Si majani, si jicho, wala si mkono wako.

Catherine alidhani ananipa habari mpya. Dada, mpya ilikuwa hiyo ya damu na vipokezi tu. Kwamba hatazaa nilijua. Siku walipozaliwa, mkwe wangu mzee Semboja alinishika bega akasema jike huyu nimfuge kwa kitoweo, asinipotezee majani. Nawe ulikuwa unamsubiri, kwa kuwa ng'ombe aliyetuachia baba tulikubaliana nimtunze mimi, na ndama jike wa kwanza awe wako. Nikamwuza dume mnadani upesi upesi. Ulipokuja nikakwambia kazaliwa peke yake. Nikajipa moyo: si ndama jike wa kwanza huyu? Ahadi nimetimiza. Ukaniombea dua pale mlangoni, nami nikasema amina. Majike wawili waliofuata nikabaki nao, na mmoja sasa anakamuliwa.

Nimekuibia, dada. Tena nimekaa kimya huku ukimchukia mtu aliyekulishia ng'ombe. Naona aibu hata kuandika.

Barua nimempa Hussein, kondakta wa basi la Korogwe, ameapa itakufikia kesho. Naomba itangulie kufika kabla ya kikao, ili yule mama asifungashe vyombo vyake kwa ajili yangu. Kikao kisianze bila karatasi hii kusomwa, na jina langu litajwe kama lilivyo. Ng'ombe anayekamuliwa ni wako pamoja na ndama wake. Nitamleta mwenyewe Jumatano, hata kama hutanifungulia mlango.

Wasalimie watoto na wote wanaoniulizia. Getruda usimpe salamu zangu. Mpe barua hii, aisome kabla ya wazee.

Ni mimi mdogo wako,
Mdoe