Nyuzi Zilizolala Upande Mmoja

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo zimelala! Nyuzi zote, upande mmoja. Miezi saba nimekuwa nikipata vurugu tu kwenye kioo, kama majani yaliyomwagwa uani. Nyuzi zenyewe jicho haliwezi kuziona. Ni kemikali tu, ila zikipangika umeme unapita vizuri. Zikilala hovyo unapotea njiani.

Siri ilikuwa mwendo. Kioo kinachovywa kwenye toluini, kiyeyushi chenye ile kemikali, kisha kinavutwa juu taratibu — milimita moja kwa dakika. Toluini inakauka pale pale ukingoni, nyuzi zinabaki zimenyooka. Mota ni ya printa mbovu. Mzee Zubery, fundi redio wa Ujiji, ndiye aliyeifunga. Nilipokizungusha kioo kati ya vipande viwili vya plastiki vya skrini ya kikokotoo, kiling'aa chote, kikazima chote, ishara kwamba nyuzi zote zimeelekea upande mmoja. Mzee akamshukuru Mungu, akaomba chai.

Jumatano, 5 Juni

Tumejaribu kwa dagaa. Kioo kimeungwa waya hadi kwenye mita. Dagaa wazuri — mshale umetulia. Waliooza — mshale ukaanguka. Ile hewa ya uozo inazishika nyuzi.

Kosa langu: nilifanya mwaloni, samaki wanaposhushwa, mbele ya watu. Waliooza walikuwa wa Feliksi, jirani yangu hapa Bangwe. Alifunika gunia. Mama yake, Leonia, alicheka, akasema pua yake inafanya kazi hiyo bure.

Alhamisi, 6 Juni

Maneno yamefika hadi sokoni Mwanga. Eti nimetumwa na serikali. Eti namwaga sumu ziwani samaki waoze, nipate cha kupima. Shuleni mwalimu mwenzangu ameniuliza kama ni kweli. Kwa upole, lakini ameuliza.

Wateja wa Feliksi wa Kasulu wamemrudishia mzigo wote. Nilitaka kwenda kumwona. Nikaona aibu. Kesho.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Saa tisa alasiri. Mzee Zubery ametoka msikitini, yuko nyumbani kwangu, ameinamia mota. Feliksi akaingia na mpini wa jembe. Peke yake. Alimpiga Mzee mkononi — niliusikia mfupa. Akampiga mdomoni. Mzee alikuwa anamwita mwanangu, mwanangu, na damu inamtoka. Kisha vioo. Arobaini na kitu, akavivunja huku anahema. Mota akaipondaponda. Nilidhani amemaliza. Akamrudia Mzee, akainua mpini juu ya kichwa chake.

Nilichukua chupa ya toluini nikammwagia usoni.

Aliachia mpini. Akaanguka, kashika macho, analia. Hapo palitosha. Lakini niliuokota mpini. Nilimpiga akiwa chini. Mbavu, mgongo, mbavu tena. Sikuwa naogopa. Nilikuwa nataka. Mzee ndiye aliyenishika gauni kwa mkono wake mzima, akasema basi, mwalimu, basi.

Jumamosi, 8 Juni

Taya la Mzee limefungwa waya. Mkono una plasta. Hawezi kusema, ananitazama tu.

Polisi walikuja. Feliksi naye kalazwa, askari anamlinda. Waliuliza nilimmwagia nini. Nikasema maji ya kuoshea vioo. Na mbavu? Nikasema aliangukia meza. Askari akaandika hivyo hivyo.

Toluini niliitoa maabara ya shule bila ruhusa. Nikisema, kazi sina. Lakini siyo hilo peke yake. Lile la mpini siwezi kulitamka.

Jumapili, 9 Juni

Leonia yuko mlangoni tangu watu watoke misa ya kwanza. Sijafungua. Kupitia dirishani namwona kakaa kizingitini, kitenge kiunoni. Anasema polepole, kila neno nalisikia kupitia ubao wa mlango. Jicho la kushoto la Feliksi limeziba kabisa. Daktari ameliosha na kuliosha, anasema maji hayaunguzi hivyo. Anataka jina la dawa.

"Umwana wanje, mwanangu, haoni," amesema. "Sikuja kugombana, mwalimu. Nipe jina."

Nimechana ukurasa wa daftari hili, nikaliandika kwa herufi kubwa, nikaupitisha chini ya mlango. Niliona vidole vyake vikiuvuta. Nikangoja nyayo ziondoke.

Haziondoki.

"Hii daktari ataisoma," amesema. "Na mbavu zake, nani atamsomea? Fungua twende hospitali, Melania. Ukaseme mwenyewe."

Nje kuna mtu anakohoa — yeye, au hakuja peke yake. Nimevaa viatu. Komeo la juu nimelitoa. La chini bado, nimelishika kwa mkono wa kushoto huku naandika, na yeye amesimama, kama amelisikia la juu. Naweka kalamu chini, nafungua.