Mkalimani wa Mkaguzi

Kakuma, Jumanne

Ati mkaguzi! Mgeni wa kampuni inayonunua magauni tunayoshona amekuja kuona kama tunatendewa haki, na mkalimani wake akawa nani? Msimamizi wetu mwenyewe, yule anayefunga choo kwa kufuli mpaka saa sita.

Mama Achol, anayeshona karibu nami, akasema kwa Kiarabu cha Juba, "Tunanyimwa choo, na mimi ni mjamzito."

Msimamizi akamgeukia mgeni kwa Kiingereza chake cha kujipendekeza: "Anasema anashukuru sana."

Mgeni akatabasamu, akaandika. Bure kabisa.

Feni zilizoazimwa kwa ajili ya ukaguzi tu zilirudishwa kabla vumbi la gari lake halijatulia.

Lakini Mama Achol anajua nimesoma Kiingereza. Mgeni alipokuwa bado anaandika, alinitazama, akangoja. Nikainama, nikaendelea kushona lebo zinazosema gauni limeshonwa kwa heshima.

Bure kabisa, mimi pia.