Wageni Wanaomlisha Mama

Endasak,
Hanang,
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Tomaso,

Shikamoo. Baridi ya Songea inawatendaje? Wifi Jenifa na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu, ila hali ya mama ndiyo iliyonikalisha niandike, maana kwenye simu nalia mpaka salio linaisha.

Ulisikia kwamba sufuria ya maji ya ugali ilimmwagikia tumboni na mapajani. Hospitali walimtibu, wakamruhusu, nikadhani yaliyobaki ni bandeji tu. Lakini amekonda, kaka. Mikono imebaki mifupa, huku miguu ikivimba. Mchana anasinzia juani, ukungu ukishuka mlimani, anaongea na marehemu baba kuhusu ng'ombe tuliokwisha kuwauza. Nikimsikiliza, na mimi nawaona wakirudi malishoni, nasahau kama niko macho.

Nesi Agatha, anayekuja kwa pikipiki kumsafisha vidonda, alinieleza. Yale maji yanayolowanisha bandeji si maji matupu. Yanatoka na protini, ile inayojenga mwili, kama maziwa yanavyopotea kwenye kibuyu chenye ufa. Tena mwili ulioungua unahitaji chakula kingi ili ujitengeneze, na usipopewa unakula misuli yake wenyewe. Protini ikipungua kwenye damu, maji yanajaa miguuni na kidonda kinachelewa kufunga. Akasema mayai, maharage, maziwa, nyama, kila siku.

Nawe unamjua mama. Tangu aungue ni uji mwepesi tu, na sisi wajinga tulimpikia huo huo, kwa kuwa tumelelewa tukiambiwa yai na nyama huleta usaha kidondani. Nilipomwekea yai alinitazama kama nimemwekea sumu. Maziwa wanayoleta majirani anawagawia wajukuu.

Basi siku moja nikamwandalia Agatha mayai na maharage, chakula cha mgeni. Hakugusa, akasubiri. Kwetu mgeni haonji mpaka mwenye nyumba aonje, na mama hawezi kumwaibisha mgeni hata akiwa mgonjwa. Akamega yai, akalila. Nilikimbilia jikoni kulia kwa furaha, moshi ukasingiziwa.

Tangu hapo kila mchana kuna mtu "anapita tu": mara shangazi Gaudensia, mara mzee Margwe na kicheko chake. Mama akawa anakula, na uvimbe ukaanza kupungua, ingawa Agatha anasema safari bado ni ndefu.

Lakini mama si mtoto. Juzi alisema, "Benedikta, hawa wote nimeshawajua. Kama unataka mgeni kweli, mwite Tomaso." Tangu juzi sahani inarudi jikoni ilivyoenda, na mimi naogopa.

Wasalimie wifi, Tito na Sara mdogo. Shangazi anawasalimu wote. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo.

Kaka, usihangaike kutafuta zawadi. Panda basi, uje na njaa.

Dada yako akupendaye,
Benedikta