Bafta Ametangulia

Bwiza, Bujumbura
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Bibi yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, Baba na Mama ni wazima, wote wanakusalimu. Mkono uliovunjika unaendeleaje? Umeanza kufunga kanga bila kumwita jirani?

Nilikuapia kwamba nitakueleza kila kitu kuhusu paka wako, kizuri na kibaya, bila kupunguza wala kuongeza, na maneno ya watu nitayaandika kama walivyoyasema. Sijasahau ulivyomwambia Baba mwezi wa nane alipokuomba uhamie kwetu: "Bafta atangulie. Khadidja akikaa naye mwezi mzima asimfukuze, na mimi nitakuja. Akimfukuza, nitajua zamu yangu ingefika lini." Baba alicheka. Mama hakucheka. Mimi nilianza kuhesabu siku.

Naanza na mazuri. Bafta alifika Alhamisi, tarehe 2, ndani ya kapu lake, kwenye kiti cha mbele cha gari. Atumani dereva alimkabidhi kwa mikono miwili. "Chukueni mukubwa wenu," alisema. "Toka Rumonge mupaka hapa hajafunga kinywa. Analia kama mutu ameibiwa." Lakini alipoona sahani ya visamaki vya ndagala alinyamaza, akala zote, akajilamba hadi akawa mweupe kuliko shuka zetu.

Mama alikuwa amejiandaa kwa ajili yake. Asubuhi ile alifungua chumba cha uani, ambacho kitakuwa chako, na ambacho kilikuwa kimefungwa tangu mpangaji wetu ahame mwezi wa sita. Mpangaji aliacha zulia jekundu zuri, vipande viwili vimekunjwa. Mama alichukua kipande kimoja akakitandika sebuleni, kisha Baba akafunga chumba tena. "Paka ya mama mukwe haiwezi kulala ku simenti," Mama alisema. Bafta alilala juu ya zulia siku ileile kama aliyelinunua mwenyewe.

Sasa kibaya. Kuanzia Jumamosi tulianza kuwashwa miguu. Jumapili alasiri wakaja wanawake wa kundi la maulidi, wote kumi. Walivua viatu mlangoni, wakakaa kwenye zulia, na kila mmoja alilisifu. Mama Mwanamwema, mkubwa wa kundi, akaanza kusema habari za mchele wa sherehe. "Mi naona kilo makumi tano..." akanyamaza, akajikuna. Aliyekaa kando yake naye akajikuna. Walijikuna kwa adabu, wakiingiza mkono polepole chini ya gauni huku wanatazama juu, na baada ya dakika tano hakuna mkono uliotulia. Mwisho Mama Mwanamwema alikamata kitu kwenye kifundo cha mguu, akakiminya kati ya kucha mbili, akakitazama. "Khadidja," alisema, "huyu ni kiroboto."

Wakati uleule Bafta akaingia, akakaa katikati yao, akanyanyua mguu wa nyuma na kujikuna sikio kwa nguvu. Wanawake wote kumi walimtazama.

Mama aliniambia, "Hii usimuandikie Bibi." Nimekaa na kalamu siku mbili. Lakini nilikuapia. Ni kweli Bafta ana viroboto, nimewaona kwa macho yangu, kwa sababu kwenye manyoya meupe hawawezi kujificha. Mama anasema amewaleta kutoka Rumonge. Hajamfukuza, ila amemhamishia uani, na hamwiti tena Bafta, anamwita "ule munyama".

Bibi, naomba uniambie ukweli ili nijue la kujibu: huko kwako alikuwa nao?

Mjukuu wako,
Lamya


Rumonge
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mke mwenzangu Lamya,

Waaleikum salaam. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani, nikidhani nimekosea. Mkono wangu haujambo. Umepona kuliko mimi.

Sikugombezi kwa kusema kweli. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma na kuandika hapa barazani kwangu, likizo baada ya likizo, na sikukufundisha ili unifiche mambo. Sasa sikiliza yangu. Bafta ana miaka saba katika nyumba hii. Analala miguuni pangu. Kila Ijumaa namchana kwa kitana. Kama angekuwa na kiroboto hata mmoja, angeniuma mimi kabla hajajifunza njia ya Bujumbura. Mwambie mama yako hivyo. La, usimwambie.

Ijumaa tarehe 17 mpe Atumani kapu, na paka ndani yake. Baba yako asihangaike kupaka rangi chumba. Mimi nina mlango wangu, nina jiko langu, na jirani wa kunifungia kanga hajachoka.

Sina hasira. Soma kwa bidii.

Bibi yako,
Mwantum


Bwiza, Bujumbura
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Bibi yangu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kama unakunja uso, naomba uukunjue hadi ufike mwisho wa ukurasa.

Sikumrudisha Bafta. Ijumaa tarehe 17 nilimtia kwenye kapu huku nalia, nikampeleka kwa Atumani. Gari lake lilikuwa kwenye foleni ya mafuta, la arubaini au la hamsini, na yeye amelala ndani. Nilimgongea kioo. Akasema, "Kama paka yako anaweza kusukuma gari, twende." Amekaa foleni siku tisa, alipata mafuta jana. Mungu anisamehe, Bibi. Katika Bujumbura nzima nafikiri ni mimi peke yangu niliyeshukuru kwa ukosefu wa mafuta.

Jumatatu Mama alikwenda kwa jirani yetu Orpha, ambaye anafuga mbwa, akarudi na unga wa dawa ya viroboto. Mimi nilimshika Bafta, Mama akafungua kopo. Nikaomba kwanza nisome maandishi, kwa sababu ndivyo ulivyonizoeza, nisome kila kitu hata karatasi ya sabuni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za Kifaransa, ilikuwa imeandikwa kwamba dawa ni ya mbwa tu, na kwamba inaweza kumuua paka. Nilimsomea Mama. Alifunga kopo, akakaa chini palepale. "Ningeua paka ya mama mukwe," alisema. "Nani angeamini sikutaka?"

Basi akanituma mwenyewe, Jumatano baada ya shule, nimpeleke Bafta kwa Daktari Régis, anayetibu mbuzi na mbwa nyuma ya soko la Jabe. Alimchana juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Zikaanguka chembe nyeusi, na kwenye maji zikageuka nyekundu. Alisema zile ni kinyesi cha kiroboto, damu aliyokunywa. Kisha akauliza mnyama ametoka wapi. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni, nikampa. Aliisoma yote, akaipiga kwa kidole.

"Bibi yako anasema kweli," alisema. "Paka analala ku miguu yake na yeye haumwi? Apana. Huyu amewapata hapa. Kiroboto anataga, mayai yanaanguka chini. Mutoto wake anajifunga mu kifuko kidogo sana, anangoja. Anaweza kungoja miezi ine, mitano, mupaka asikie mutu anatembea, asikie joto. Hapo anatoka, na njaa yake yote. Sasa niambie, kwenu ni kitu gani kilikuwa kimefungwa siku nyingi, mukakifungua?"

Bibi, nilikumbuka chumba cha uani. Nilimtajia zulia. Akanionyesha namna ya kulipima.

Nilirudi, nikamwomba Baba ufunguo wa chumba cha uani. Kile kipande cha pili cha zulia kilikuwa bado kimekunjwa ndani, na Bafta hajawahi kutia mguu mle. Nilivaa soksi zangu ndefu nyeupe za shule, nikazivuta hadi magotini. Nikakikunjua kipande kile, nikatembea juu yake kwenda na kurudi huku nahesabu hadi mia. Nilipotoka kwenye jua soksi zilikuwa kama zimemwagiwa ufuta mweusi, isipokuwa ufuta ule ulikuwa unaruka. Nilihesabu ishirini na sita, halafu ujasiri ukaniisha nikaruka ndani ya beseni la maji ya sabuni.

Orpha alikuwa anatazama kutoka juu ya ukuta. "Lile zulia?" alisema. "Si ndo mbwa ya yule mupangaji alikuwa analala pale!"

"Mbwa?" Mama aliuliza. "Ndani ya nyumba yangu?"

"Alikuwa anamuficha. Kila mara bwana yako Massoudi akipita, anamufunika na blanketi."

Baba alisema, "Mi nilizani ni mugonjwa amelala. Nilikuwa namupa pole."

Orpha alicheka hadi akashuka ukutani. Lazima niishie hapa, Atumani anangoja barua, anapiga honi na mafuta yake ni ya kuhesabu. Bafta hana kosa, Bibi. Naomba usimwite kwanza.

Mjukuu wako,
Lamya


Rumonge
Jumatano, 29 Oktoba 2025

Mke mwenzangu,

Waaleikum salaam. Mimi ni mzima, na nilipofika pale baba yako anapompa mbwa pole nilicheka hadi jirani akaja kuniuliza nimepatwa na nini. Nimemsomea. Sasa anaomba nimsomee tena.

Lakini barua yako ina shimo. Umeniandikia dereva, Orpha, daktari, hata ufuta. Mama yako alisema nini alipojua? Hukuandika. Niandikie kama lilivyo, hata kama si zuri. Nataka hilo kuliko yote.

Paka akae mpaka nipate jibu.

Bibi yako,
Mwantum


Bwiza, Bujumbura
Jumapili, 2 Novemba 2025

Bibi yangu mpendwa,

Assalaam aleikum, na salamu kwa jirani yako pia, kwa kuwa najua anasikiliza.

Unasema kweli, niliacha shimo. Niliogopa, kwa sababu Mama alikuwa bado hajaniruhusu kukuandikia ya siku ile. Alikamata zulia la sebuleni kwa ncha moja, akaliburuta hadi nje, akatoa na lile la chumbani, akayamwagia maji ya moto yote mawili, na Baba akayachoma moto nyuma ya gereji anayofanyia kazi. Kisha Mama akakaa kizingitini. Bafta alikuja akamlalia miguu. Nilidhani atamsukuma. Akamwambia, "We Bafta, nimekutukana wiki mbili nzima, na mi ndo nilikuletea shida kwa mikono yangu." Lilikuwa jina lake, Bibi, nililisikia vizuri.

Halafu akaniambia mimi, na nakuandikia kwa ruhusa yake: "Unajua sababu nililitandika? Nilitaka mama mukwe akisikia, aseme Khadidja anajua kupokea mugeni. Miaka kumi na sita niko mu nyumba hii, bado najaribu kumupendeza." Akaanza kucheka na kujifuta machozi kwa wakati mmoja, na mimi nikacheka, na Bafta akaondoka kwa sababu miguu ilikuwa inatikisika.

Hakuishia hapo. Jana aliwaita tena wanawake wa maulidi, walewale kumi. Walikaa kwenye mikeka iliyofuliwa na kuanikwa, lakini nilimwona Mama Mwanamwema anajikusanyia gauni miguuni. Mama alisimama mbele yao. Hakumwachia mtu mwingine aseme. Alieleza habari ya mpangaji, mbwa, blanketi, soksi zangu, yote. Kisha akasema, "Mulimutazama paka ya mama yangu vibaya ndani ya nyumba yangu, na mi nilinyamaza. Kosa lilikuwa zulia langu. Paka alikuja musafi, sisi ndo tulimuchafua."

Hakusema mama mkwe. Alisema mama yangu.

Mama Mwanamwema akaliachia gauni lake, akasema, "Basi tumuombe paka radhi, tusije tukalala na kosa." Wakampitisha Bafta mkono kwa mkono, na kila mmoja alimpa ndagala moja. Alikubali radhi zote kumi. Ya mwisho aliikubali polepole, kwa sababu tumbo lilikuwa limejaa.

Kuhusu viroboto wenyewe: Daktari Régis alimtia Bafta dawa ya matone shingoni, ile ya paka kweli, niliisoma. Nafagia kila siku hadi chini ya kabati, na namchana kwa kitana kama ulivyokuwa unafanya. Siku ya kwanza walikuwa tisa, ya pili watano, ya tatu wakarudi kuwa sita nikavunjika moyo, lakini daktari alisema ni wale waliochelewa kuamka. Tangu Alhamisi sijaona hata mmoja. Hata hivyo nitaendelea, kwa kuwa amesema wengine huchelewa sana.

Leo Bafta anatimiza mwezi mmoja kwetu. Hakufukuzwa.

Chumba cha uani tumekisugua kuta na sakafu, na Baba amekipaka rangi nyeupe, ingawa ulimkataza. Kitanda kipya kilifika jana. Mama yuko kando yangu ninapoandika. Amenikataza kukuuliza utakuja lini, anasema mkubwa hasukumwi. Lakini yeye na Baba wanabishana tangu asubuhi, na hili amesema nikuulize kwa jina lake. Baba anataka kitanda kiwe dirishani, upate upepo. Mama anataka kiwe mlangoni, ili alfajiri usitembee mbali kwenda kutawadha, na akuone kutoka jikoni.

Atumani ameahidi kusimama mbele ya mlango wako bila kuzima gari hadi umpe jibu, hata kama ni neno moja tu. Bibi, tukiweke wapi, dirishani au mlangoni?

Mjukuu wako,
Lamya